Tarehe ya Mwisho ya Kuondoka: Pepo za Msimu na Safari za Yoti Kuvuka Bahari ya Hindi

Bahari ya Hindi inatofautiana na bahari kuu nyingine mbili zinazovukwa na vyombo vidogo vya matanga kwa jambo moja la msingi: upande wake wa kaskazini umefungwa na bara, na kwa sababu hiyo pepo zake hugeuka mara mbili kila mwaka, badala ya kuvuma upande uleule karibu mwaka mzima kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Atlantiki na Pasifiki ya tropiki. Yoti ya masafa marefu, yaani chombo cha matanga cha mtu binafsi chenye urefu wa kawaida wa mita 10 hadi 15, kinachoendeshwa na watu wawili watatu ambao mara nyingi ni mke na mume na pengine rafiki mmoja, huenda kwa mwendo wa maili tano au sita za baharini kwa saa, na kwa mwendo huo hukata maili 120 hadi 150 kwa siku, maili moja ya baharini ikiwa ni mita 1,852. Chombo cha mwendo huo hakiwezi kukikimbia kimbunga kilichokwisha kukikaribia, wala hakiwezi kushindana na upepo wa omo kwa majuma mawili bila kuwachosha watu na kuchana matanga. Kwa hiyo namna ya kuivuka bahari hii huamuliwa na kalenda kabla haijaamuliwa na dira, na pamoja na setilaiti zote zilizopo leo, uamuzi mkuu wa safari umebaki kuwa tarehe, hasa tarehe ya mwisho ya kuondoka, ambayo ikipita chombo hukaa bandarini nusu mwaka au huingia baharini kwa hasara.

Chanzo cha mgeuko wa pepo ni joto. Kati ya Mei na Septemba bara la Asia hupata joto kuliko bahari inayopakana nalo, hewa iliyo juu yake hupanda na kuacha mgandamizo mdogo, ilhali kusini, baina ya Madagaska na Australia, hukaa mgandamizo mkubwa wa hewa uliopewa jina la visiwa vya Mascarene, na hewa husukumwa kutoka huko kwenda Asia. Hewa hiyo huanza safari yake kama upepo wa kusini-mashariki, lakini ikishavuka ikweta mzunguko wa dunia huipinda hadi ikawa upepo wa kusini-magharibi. Huo ndio kusi, ambao kwa mtu wa Lamu au Unguja huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, na kwa mtu wa Maskati au Bombay huja kutoka kusini-magharibi pamoja na mawimbi makubwa. Kati ya Desemba na Machi mambo hugeuka: bara hupoa, hewa hutoka Asia kwenda kusini, na upepo wa kaskazi hutawala kuanzia Ghuba ya Bengali hadi pwani ya Afrika Mashariki. Ukanda wa mvua, yaani eneo ambapo pepo za nusu mbili za dunia hukutana na kuzaa mawingu, hufuata mwendo huohuo wa jua, na unapopita juu ya pwani huleta masika na vuli.

Baina ya majira hayo makubwa kuna majuma ambayo upepo haujakata shauri, ambayo mabaharia wa pwani huyaita maleleji au tanga mbili kwa kuwa chombo chaweza kutweka kwenda huku au kule. Majuma hayo huonekana kuwa nafuu kwa msafiri wa yoti, na pwani ni nafuu kweli, lakini katikati ya bahari kwenye mstari wa ikweta yana mtego wake. Mwaka 1973 mwanasayansi Klaus Wyrtki alieleza kwamba wakati wa mageuko hayo mawili, karibu na Aprili na Mei na tena Oktoba na Novemba, pepo za magharibi za ikweta husukuma mkondo mwembamba wenye nguvu kuelekea mashariki, hivi kwamba yoti inayotoka Maldivi kwenda Shelisheli huku upepo ukiwa mdogo hujikuta inarudishwa upande wa Sumatra, na nahodha asiyejua jambo hilo hudhani kwamba vyombo vyake vya kupimia vimeharibika.

Kusi na kaskazi haziko sawa kwa nguvu, na kosa la wengi wanaoisoma bahari hii kwenye ramani ni kuzichukua kama pande mbili za sarafu. Kaskazi ni upepo wa wastani, wenye anga safi na bahari iliyotulia kiasi, na ndio uliozileta jahazi za Uarabuni na Bara Hindi pwani ya Afrika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kusi huanza kwa upole mwezi wa Aprili na Mei, kisha Juni na Julai hupanda hadi kuwa dhoruba ya kudumu baina ya Somalia na Sokotra, ambako mkondo wa hewa ya chini unaobeba jina la Findlater, aliyeueleza mwishoni mwa miaka ya 1960, hupita ukiwa umebanwa na nyanda za juu za Afrika Mashariki. Chini ya upepo huo mkondo wa maji wa Somalia, ambao wakati wa kaskazi huenda kusini, hugeuka kabisa na kukimbia kaskazini kwa mwendo unaoweza kufikia maili saba kwa saa mahali pengine, yaani kuliko mwendo wa yoti yenyewe. Hiyo ndiyo sababu bahari ya Uarabuni ilihesabiwa kuwa imefungwa katikati ya kusi, na bandari za magharibi ya Bara Hindi zilikuwa zikikaa bila vyombo kuanzia Juni hadi Agosti.

Gharama ya kuukosa msimu haijaonekana waziwazi mahali popote kuliko katika safari ya Vasco da Gama, na ni ajabu kwamba vitabu vingi vinavyoisifu safari hiyo huupita upesi upande wake wa kurudi. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikiwa inaanza, akiwa na rubani aliyempata hapohapo, na akatia nanga mbele ya Calicut, huko Bara Hindi, tarehe 20 Mei, chini ya mwezi mmoja. Kurudi aling'oa nanga katika kisiwa cha Anjediva mapema Oktoba, wakati kaskazi ilikuwa bado haijasimama, akakutana na shuwari na pepo za omo, na hakuiona pwani ya Afrika hadi tarehe 2 Januari 1499. Bahari ileile iliyovukwa kwa siku zisizofika 27 ilichukua karibu miezi mitatu, watu wapatao 30 wakafa njiani kwa kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa matunda na mboga, na mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, kwa hiyo mojawapo, São Rafael, ilichomwa moto karibu na Mtangata katika pwani ya Tanga. Kama wangengoja majuma machache tu, kaskazi ingewabeba. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Omani ambaye kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari kiliandikwa karibu na mwaka 1490, alikuwa tayari ameziandika tarehe za kuondokea bandari mbalimbali kwa hesabu ya siku za Nairuzi, mwaka wa jua ambao mabaharia Waswahili nao waliugawa katika miongo ya siku kumi kumi. Mwaka wa Kiislamu, kwa kuwa unafuata mwezi na kusogea dhidi ya majira, usingeweza kutumika kwa kazi hiyo.

Kusini mwa ikweta, kuanzia takriban digrii 10 hadi 25, hali ni nyingine. Huko pepo za biashara, yaani pepo za kudumu za kusini-mashariki zinazotoka katika mgandamizo uleule wa Mascarene, huvuma karibu mwaka mzima, kwa hiyo mgeuko wa upepo si tatizo. Tatizo ni vimbunga, ambavyo huzaliwa katika maji ya joto kuanzia Novemba hadi Aprili. Mfano mkubwa ni kimbunga Freddy cha mwaka 2023, kilichoanzia baharini kaskazini-magharibi mwa Australia mwanzoni mwa Februari, kikavuka bahari nzima, kikaipiga Madagaska, kisha Msumbiji mara mbili, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani likakithibitisha kuwa kimbunga cha tropiki kilichodumu muda mrefu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, siku 36. Njia ya Freddy, ukiiweka juu ya ramani, karibu inalingana na njia ambayo yoti nyingi huifuata kila mwaka kutoka Australia na Indonesia kwenda Afrika Kusini. Tofauti ni kwamba zenyewe hupita hapo kati ya Juni na Novemba.

Njia hiyo ya kusini ndiyo inayoonyesha vizuri namna safari inavyohesabiwa kinyumenyume. Mwisho wake ni pwani ya Afrika Kusini, na chombo kinatakiwa kiwe kimefika Richards Bay au Durban katikati au mwishoni mwa Novemba, kabla vimbunga havijaanza kusumbua bahari ya kusini ya Madagaska. Kutoka Réunion hadi Richards Bay ni kama maili 1,400, kwa hiyo Réunion na Morisi ziachwe kabla Oktoba haijaisha au mara baada yake. Kutoka visiwa vya Cocos hadi kisiwa cha Rodrigues ni kama maili 2,000, yaani siku 14 hadi 17 bila kisiwa hata kimoja njiani, kwa hiyo Cocos iachwe Septemba. Na kutoka Cocos kurudi nyuma kuna kisiwa cha Christmas, Bali na Darwin, kila kituo kikidai majuma yake. Tanga lililochanika huko Darwin mwezi wa Julai na kungoja kipuri mwezi mzima si hasara ya Darwin peke yake, kwa sababu kuchelewa huko hurithiwa na kila kituo kinachofuata na hulipwa mwisho kabisa, mahali pagumu kuliko pote. Kuwahi mno nako kuna adhabu yake: Julai na Agosti mgandamizo wa Mascarene huwa na nguvu, pepo za biashara hupanda hadi maili 25 na 30 kwa saa kwa siku nyingi mfululizo, na mawimbi marefu yanayotoka bahari ya kusini ya mbali huja ubavuni yakikatana na mawimbi ya upepo, chombo kikayumba hata kupika wali kukawa kazi ya watu wawili.

Kipande cha mwisho cha njia hiyo, kutoka Richards Bay hadi Rasi ya Tumaini Jema, kinahitaji kuelezwa kwa utulivu kwa kuwa hapo kanuni ya msimu hukoma na nafasi yake huchukuliwa na kanuni ya saa. Mkondo wa Agulhas hukimbia kuelekea kusini-magharibi ukifuata ukingo ambapo sakafu ya bahari hushuka kupita mita 200, na huweza kufikia maili tano kwa saa, msaada mkubwa kwa yoti inayokwenda upande huo. Kila baada ya siku chache mgandamizo mdogo hupita kusini mwa bara na kuleta upepo mkali wa kusini-magharibi, unaovuma moja kwa moja dhidi ya mkondo, na pale viwili hivyo vinapogongana mawimbi husimama mafupi na yenye kingo kali, mengine makubwa kiasi cha kuvunja meli za mizigo. Baina ya Durban na East London ni kama maili 250 na hapana bandari ya kukimbilia. Wazoefu hukaa gatini wakiitazama barometa: hungoja upepo wa kusini-magharibi ufikie kilele chake na mgandamizo uanze kupanda, hutoka upepo unapogeukia kusini-mashariki, hubebwa na upepo wa kaskazini-mashariki unaofuata, na barometa inapoanza kushuka huhesabu saa zilizobaki kabla ya dhoruba nyingine. Ikiwakuta njiani husogea pwani, ndani ya mstari wa mita 200, ambako mkondo ni dhaifu na mawimbi hupungua. Dirisha la namna hiyo huwa la siku mbili hivi, na wapo wanaongoja majuma matatu kulipata.

Njia ya kaskazini, inayotoka Thailandi kupitia Sri Lanka au Maldivi hadi Omani au Jibuti na kuingia Bahari ya Shamu, ni nyepesi kwa upepo na nzito kwa mengine yote. Kaskazi ya Januari na Februari huibeba yoti kwa raha hadi Bab el Mandeb. Ugumu wa upepo huanza kaskazini ya digrii 20 ndani ya Bahari ya Shamu, ambako upepo wa kaskazini huvuma karibu mwaka mzima na kuwalazimisha wasafiri wabishe hadi Suezi. Lakini tangu 2008 hivi njia hii imekuwa ikifungwa na kufunguliwa na binadamu zaidi kuliko pepo. Mwezi Oktoba 2009 yoti Lynn Rival, iliyotoka Shelisheli ikija Tanzania, ilitekwa na maharamia wa Kisomali, na Waingereza wawili waliokuwamo walizuiliwa hadi Novemba 2010. Mwezi Februari 2011 Wamarekani wanne waliuawa ndani ya yoti Quest katika bahari ya Uarabuni. Yoti nyingi zilihamia njia ya Rasi, na nyingine zikapakiwa juu ya meli za mizigo kwenda Uturuki. Uharamia ulipopungua, jumuiya za wenye meli ziliiondolea Bahari ya Hindi hadhi ya eneo la hatari kubwa tarehe 1 Januari 2023, na kabla mwaka huo haujaisha mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen yakaifunga tena Bahari ya Shamu kwa watu wengi. Matokeo yake ni kwamba vyombo ambavyo vingetoka kwa kaskazi tulivu hulazimika kwenda Agulhas.

Njia ya kati ndiyo inayogusa pwani ya Waswahili, na ndiyo yenye fumbo lililo kubwa zaidi. Yoti hushuka kutoka Maldivi hadi visiwa vya Chagos, ambako kwa kibali maalumu huruhusiwa kutia nanga kwa muda mfupi katika visiwa vya Salomon na Peros Banhos, mahali ambapo wenyeji wake waliondolewa kati ya 1968 na 1973. Si rahisi kuzisoma sifa za ukimya wa maji hayo bila kukumbuka ukimya huo umetokana na nini. Kutoka hapo huenda Shelisheli, na kutoka Mahé hadi Mombasa ni kama maili 950 za kusi safi, zinazoishia katika hori la Kilifi, Tanga au ghuba ya Msasani. Kufika ni rahisi. Kuondoka kwenda kusini ndiko kugumu. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima, ukiwa mkali zaidi wakati wa kusi, kwa hiyo upepo pekee unaoweza kuishusha yoti kwa wepesi kutoka Dar es Salaam hadi Msumbiji ni kaskazi, na kaskazi huvuma katika miezi ileile ya vimbunga. Upepo unaomsaidia msafiri ndio unaompeleka kwenye hatari.

Tena kaskazi yenyewe haifiki mbali. Nguvu yake hupungua baada ya Kilwa na Rasi Delgado, na wanahistoria wa pwani wamekuwa wakieleza ukuu wa Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliukuta mwaka 1331 ukiwa na fahari, kwa mpaka huohuo: jahazi kutoka Uarabuni au Gujarati iliweza kufika Kilwa na kurudi katika msimu mmoja, lakini kwenda hadi Sofala kufuata dhahabu na kuwahi kurudi ilikuwa bahati nasibu, kwa hiyo vyombo vya Kilwa vilifanya kipande cha kusini na mji ukatajirika kwa kuwa kituo cha kubadilishia msimu. Yoti ya leo yenye injini na barakinya za chuma haipiti mpaka huo kwa urahisi kama inavyodhaniwa. Ni kweli kwamba mkuku wake mzito na matanga yake huiwezesha kubisha vizuri kuliko jahazi ya foromali, ambayo ilipaswa kugeuzia tezi kwenye upepo kila inapobadilisha upande. Lakini kubisha huongeza njia karibu maradufu, mkondo hula maili 24 au zaidi kwa siku, na tangi la dizeli la yoti ya kawaida huisha kwa siku tatu nne za kwenda kwa injini. Wengi wanaotaka kwenda kusini hutoka mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kusi ikilegea, wakapita Komoro au kaskazini-magharibi mwa Madagaska, yaani wanatumia tanga mbili kama walivyofanya waliowatangulia.

Utabiri wa kompyuta umebadilisha mengi, lakini mahali tofauti na panapotajwa sana. Nahodha wa leo hupokea kwa intaneti ya setilaiti mafaili ya pepo na mawimbi yaliyokokotolewa na mifumo ya Marekani na ya Ulaya, na utabiri huo ni wa kuaminika kwa siku tano hadi saba hivi. Kwa Agulhas, ambako dirisha ni siku mbili, huo ni msaada usio na kifani. Kwa Cocos hadi Rodrigues, unaishia kabla ya nusu ya njia, na nusu ya pili husafiriwa kwa imani katika wastani wa mwezi, ule ambao Matthew Fontaine Maury wa Jeshi la Majini la Marekani alianza kuukusanya katika miaka ya 1840 kutoka daftari za manahodha na kuuchora katika ramani za pepo. Hatari mpya ni kwamba utabiri mzuri wa juma moja humtia mtu moyo wa kutoka wakati msimu umekwisha, na bima nyingi za yoti, zinazokataa kulipia hasara ndani ya ukanda wa vimbunga katika miezi iliyokatazwa, zinaonekana kulielewa jambo hilo kuliko baadhi ya wateja wake.

Hata hivyo wastani nao unasogea kingoni. Maji ya tropiki ya Bahari ya Hindi yalipata joto kwa takriban digrii 1 ya Selsiasi kati ya 1951 na 2015. Mwezi Mei 2018 kimbunga Mekunu kiliipiga Salalah, kituo cha mapumziko cha yoti za njia ya kaskazini. Kenneth kiliingia kaskazini mwa Msumbiji mwishoni mwa Aprili 2019, na Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, wakati na mahali ambapo vitabu vya njia za bahari vingesema chombo kiko salama. Kusema kwamba haya ni mageni kabisa si sahihi, kwa kuwa Unguja iliharibiwa na kimbunga mwezi Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka na vyombo vya Sultani Barghash vikazama, na Lindi ilipigwa Aprili 1952. Lakini usalama wa pwani ya Tanzania ulikuwa ukihesabiwa kwa ukaribu wake na ikweta, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia haitoshi kuzungusha kimbunga, na Hidaya imekumbusha kwamba digrii nane za kusini haziko ndani ya kinga hiyo.

Kwa yoti iliyotia nanga Mahé mwishoni mwa Septemba, hesabu zote hizi hukutana. Ikitaka Rasi mwaka huohuo, imebakiwa na majuma kama matano ya kufika Madagaska na kuvuka mlango bahari wa Msumbiji. Ikitaka Bahari ya Shamu, ingoje kaskazi isimame, Desemba au Januari, na itazame habari za Yemen kabla ya kutazama anga. Ikitaka kungoja mwaka, Mahé yenyewe iko ndani ya digrii tano za ikweta, na mabaki ya kusi yatatosha kuifikisha Kilifi kabla ya vuli. Baada ya katikati ya Novemba njia ya kwanza huwa imefungwa, na chombo kilichobaki hufunga matanga yake na kuhesabu hadi Mei.